«Ni kiangazi tu», wanasema. Sisi tunasema: pimeni hewa ya Lubumbashi!

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi, na nyinyi wote wenye kutusoma,

Kila mwaka ni vile vile. Kuanzia mwezi wa sita mpaka mwezi wa tisa tunaamka, tunakuta mji umefunikwa. Jua linatoka jekundu, unaweza kuliangalia bila kufumba macho. Ukipanguza uso jioni, kitambaa kinatoka na rangi ya kahawia. Watoto wanakohoa usiku. Ukiuliza mkubwa mmoja mu ofisi, anakujibu: «Ni kiangazi tu, itapita.» Ukienda ku dispansari, wanakupa siro ya kikohozi na wanakuambia: «Ni kiangazi tu.»

Mimi nimechoka na hili neno. Nilisoma kemia miaka mitano ku chuo kikuu. Diploma yangu iko mu sanduku chini ya kitanda, kazi hakuna, na muda niko nao mwingi. Mama yangu anakaanga bitumbula ku mbabula kila asubuhi kuanzia saa kumi, na ni ile mbabula njo ililipa masomo yangu. Mdogo wangu iko na miaka saba. Mwaka jana, mwezi wa nane, tulikesha naye siku tatu, kifua kinapiga filimbi, mama anamshika wima mgongoni ili apumue. Mtu aliyetupokea mbele ya mlango wa hospitali alituambia lile lile neno.

Kiangazi ni majira. Kiangazi hakina kiberiti. Kama hewa imejaa moshi, kuko kitu kinaungua, na kuko mwenye kukichoma. Leo tunataka kuwaelezea, bila maneno mengi ya kitaalamu, kwamba moshi unaacha alama, alama hiyo inaweza kusomwa, na kama haisomwi kwetu ni juu hakuna mwenye cheo anayetaka isomwe.

Tunapumua nini?

Ule ukungu wa asubuhi ya kiangazi si maji kama ukungu wa mwezi wa pili. Ni chembe. Zile ndogo zaidi wataalamu wanaziita PM2,5, maana upana wake haufiki mikromita 2,5. Unywele mmoja wa kichwa chako unaishinda chembe moja kwa upana mara 20 mpaka 30. Pua haizikamati. Zinashuka mpaka mwisho kabisa wa mapafu, pale hewa inakutana na damu.

Watu wengi wanawaza kwamba chembe hizo zote ni masizi, kile kitu cheusi kinabakia chini ya sufuria. Masizi yamo, ndiyo. Vumbi ya barabara imo. Chumvi za salfati na naitrati zimo. Lakini fungu kubwa ni misombo ya kaboni yenye kuzaliwa mu moto, mamia na mamia ya aina, na nyingi kati yao zinayeyuka ndani ya maji. Mu miji mingi kwenye watu walipima, karibu nusu ya ile kaboni inayeyuka. Mu moshi wa miti inaweza kupita nusu.

Angalieni vile wanafanya mu labo. Wanavuta hewa kwa pampu masaa 24 kupitia karatasi nyeupe ya kwarzi, ambayo kwanza walishaichoma mu tanuru ili isibakie na kaboni yake yenyewe. Kesho yake karatasi imekuwa kahawia ao nyeusi. Wanakata kipande, wanakitia mu maji safi kabisa, wanatikisa, wanachuja. Masizi yanabakia ku chujio. Lakini maji yenye kupita hayarudi meupe: kama hewa ilikuwa na moshi wa miti, yanatoka na rangi ya chai nyepesi. Ile chai njo tunaizungumzia leo. Tunainywa kwa mapafu, mchana na usiku, bila kikombe.

Kwa nini kuyeyuka ni jambo kubwa? Juu mapafu yako kwa ndani yamefunikwa na utando mwembamba wa maji. Chembe ya masizi ikianguka pale, inakaa pale. Lakini chenye kuyeyuka kinaachana na chembe, kinaingia mu ule utando, kinaanza kazi yake ya kemia ndani ya mwili wako. Kwa hiyo mtu akikuambia «moshi wa kuni ni wa asili, wazee wetu waliuvuta na hawakufa», muulize kama wazee wetu waliishi mu mji wa watu mamilioni wenye magari, viwanda, plastiki na moto wa pori, vyote kwa hewa moja.

Sukari yenye kutoa ushahidi

Hapa njo penye siri ya jambo lote, na ninaomba musome polepole.

Mti na majani, sehemu yao kubwa ni selulosi. Selulosi ikiungua inavunjika, na mu vipande vyake kuko sukari moja inayoitwa levoglukosani. Fomula yake ni C6H10O5. Petroli haiitoi. Mazuti haiitoi. Mawe ya shaba hayaitoi. Ukiikuta mu maji ya ile karatasi, unajua bila ubishi kwamba kuko mti, majani ao makartoni yaliungua. Levoglukosani yenyewe si yenye kutuua. Ni shahidi.

Na shahidi hayuko peke yake. Mti uko pia na lignini, ile gundi inayoupa ugumu. Ikiungua inatoa asidi vaniliki na asidi siringiki. Miti ya majani mapana kama ile ya miombo yetu inatoa zote mbili. Msonobari unatoa vaniliki tu, siringiki karibu hakuna. Chupa za plastiki zikichomwa mu mtaro, zinaacha asidi tereftaliki. Moshi wa miti ukikutana na gesi za naitrojeni zenye kutoka ku magari, vinazaliwa vitu vya rangi ya manjano vinavyoitwa nitrokatekoli. Ukivikuta, unajua moshi wa pori na moshi wa barabara vilioana juu ya vichwa vyetu.

Kisha kuko asidi oksaliki. Hii munaijua bila kuijua: imo mu lengalenga tunayokula na bukari. Mu hewa inazaliwa pole pole, wakati moshi umepikwa na jua. Moshi mbichi uko na levoglukosani nyingi na oksaliki kidogo. Moshi uliosafiri siku nyingi, ile sukari inapungua na oksaliki inapanda. Kwa hiyo ukipima zote mbili, unajua kama moshi umetoka mu kartye yako jana usiku ao umetoka mbali sana ku pori juma lililopita.

Munaelewa sasa? Ile karatasi ya kahawia ni kama daftari la polisi. Inaandika nani alichoma, alichoma nini, na lini. Mpaka pale mutaisoma, kila mtu atasema: «Si mimi, ni kiangazi.»

Mama wa makala, na wengine wenye hawashitakiwi

Mwezi uliopita, mbele ya macho yangu, mifuko minne ya makala ya mama mmoja ilipakiwa ku gari. Wale waliopakia walimwambia: «Nyinyi njo munachafua mji, nyinyi njo munamaliza pori.» Hawakumwachia hata karatasi moja ya kuonyesha. Alikaa chini ku ukingo wa barabara, akaweka mikono juu ya kichwa. Hakulia.

Mimi nilirudi nyumbani, nikafungua madaftari yangu, nikafikiri juu ya yule mama kwa njia ya kemia.

Makala ni mti wenye ulishaungua mara moja. Mu tanuru ya udongo, kule ku pori, selulosi yake ilishavunjika na kwenda na moshi. Kilo moja ya makala inaomba kilo tano za miti ao zaidi. Zingine zote zilishapanda hewani kama mvuke, gesi na chembe. Ndiyo maana makala yakiwaka mu mbabula yanatoa levoglukosani kidogo sana kuliko kuni. Basi, kama siku moja tutapima hewa ya Lubumbashi na tutakuta ile sukari ni nyingi, mbabula ya mama haitakuwa ya kwanza ku orodha. Mbele yake kutakuwa matanuru ya makala yenyewe, matanuru ya matofali yenye kula kuni, moto wa pori, na takataka zenye kuchomwa ku kila kona juu hakuna gari la kuzichukua.

Sisemi makala ni mazuri. Makala yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Tafadhali, usiingize mbabula mu chumba na kufunga mlango, hata kama kuko baridi ya mwezi wa saba. Na pori ya miombo inaisha, kila mtu anaona vile magari ya makala yanatoka mbali zaidi kila mwaka. Lakini kumshika yule mwenye kuuza mifuko minne na kumwacha yule mwenye kutuma malori, na kumshitaki mwenye mbabula bila kupima hata gramu moja ya moshi, hiyo si kulinda mazingira. Hiyo ni kutafuta mtu dhaifu wa kubebesha.

Na kuko wengine ambao kiangazi kinawasaidia kujificha. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 juu ya shaba, na kuyeyusha shaba kulianza 1911. Zaidi ya miaka mia moja, vumbi ya shaba na kobalti inaanguka ku mabati yetu, mu udongo wetu, mu mashamba ya mboga. Mu mwaka 2009 watafiti, kati yao wa chuo kikuu cha hapa kwetu, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda: kobalti ilikuwa nyingi sana. Hiyo iko mu maandishi, si maneno ya barabarani.

Sasa unganisha mambo mawili. Asidi oksaliki inashika chuma na shaba na kuziyeyusha. Ni ile ile watu wanatumia kutoa kutu ku chuma. Kuko pia mu moshi molekuli kubwa za kahawia, zenye kufanana na zile zinazotia rangi maji ya mabwawa, na zenyewe zinajua kushika madini. Mu labo, wataalamu wameona kwamba shaba iliyoyeyuka, pamoja na misombo kama hiyo, inazalisha aina za oksijeni zenye ukali, zenye kuchoma chembe hai za mwili. Mu miji mingine moshi unakutana na vumbi ya kawaida. Huku kwetu unakutana na shaba. Kama kuko mji mu dunia hii wenye kustahili kujua kile kinayeyuka ndani ya hewa yake, ni huu wetu.

Walipima moshi wetu, lakini si juu ya vichwa vyetu

Kuko watakaosema: «Mambo hayo ni ya wazungu, ni ghali, hayawezekani Afrika.» Si kweli.

Mu mwaka 2000, mu utafiti mkubwa ulioitwa SAFARI 2000, ndege zilipita mu moshi wa moto wa majani kusini mwa Afrika, pamoja na Zambia, jirani yetu wa Kasumbalesa. Walikamata moshi ukiwa mbichi na ukiwa umezeeka, wakachapisha orodha ya misombo ya kaboni yenye kuyeyuka mu maji: levoglukosani ilikuwamo, oksaliki ilikuwamo. Kati ya 2016 na 2018, shirika la anga la Marekani, NASA, lilileta tena ndege, zikaruka kutoka Namibia na kisha kutoka São Tomé, ili kusoma moshi wa pori za Afrika ukipita juu ya mawingu ya bahari ya Atlantiki. Ule utafiti uliitwa ORACLES. Wanataka kujua vile moshi unabadilisha mawingu na joto la dunia. Ni kazi nzuri, hatuidharau. Lakini angalieni: moshi unatoka huku kwetu, unapimwa kwa ndege za feza nyingi wakati umeshafika juu ya samaki. Wakati unapita juu ya watoto, hakuna anayeuliza.

Mu Kinshasa, watafiti waliweka vipimo, wakapata kwamba mu mwaka 2019 wastani wa PM2,5 ulikuwa mikrogramu 43,5 mu kila meta kyubu ya hewa. Shirika la Afya Duniani, OMS, tangu 2021 linasema wastani wa mwaka usipite mikrogramu 5, na wa siku moja usipite 15. Hesabuni wenyewe: Kinshasa ilipita mara nane na zaidi. Na mu 2013, shirika la OMS lenye kusoma ugonjwa wa kansa liliiweka hewa chafu ya inje mu kundi la kwanza, lile la vitu vyenye kujulikana bila shaka kwamba vinaleta kansa kwa binadamu.

Lakini namba moja ya PM2,5 haitoshi, na hapa ninawaomba musidanganywe kesho. Kuko vipimo vidogo vya bei rahisi, vinatumia mwanga kuhesabu chembe. Ni vizuri, tunavitaka. Lakini vinakuambia tu chembe ni ngapi. Havikuambii ni za nani. Mkubwa anaweza kuweka kimoja mbele ya ofisi yake, kupiga picha, na kuendelea kusema «ni kiangazi». Ili kujua ni nani, lazima karatasi, maji na labo.

Wanatuambia, tunawajibu

Wanatuambia: «Watu wana njaa, nyinyi munazungumzia hewa.» Tunawajibu: mwenye njaa njo anapumua zaidi moshi. Mwenye villa iko na jenereta, iko na jiko la gesi, iko na madirisha yenye kufunga. Mama yangu iko na mbabula mbele ya uso kuanzia saa kumi ya asubuhi. Mu Congo, zaidi ya watu tisa kwa kumi wanapika kwa kuni ao makala. Hii si habari ya matajiri.

Wanatuambia: «Mukipima, kisha? Moshi utaisha?» Hapana, hautaisha siku hiyo. Homa pia haiishi juu ya kuweka temometa. Lakini daktari mwenye hapimi anakupa siro kwa kila ugonjwa, na sisi tumekunywa siro ya kutosha. Kama alama zinaonyesha takataka, tutajua ni magari ya takataka yanayokosekana. Kama zinaonyesha pori, tutazungumza na machifu na wakulima juu ya kuchoma mapema, wakati majani yangali na maji, badala ya mwezi wa tisa wakati kila kitu ni kikavu. Kama zinaonyesha viwanda, tutajua mlango wa kubisha.

Wanatuambia: «Acheni makala.» Tuache tupikie nini? Mu 1982, laini kubwa ya umeme ya Inga mpaka Kolwezi ilianza kazi, karibu kilometa 1.700, ikivuka nchi yetu kutoka mangaribi mpaka kusini. Ilijengwa kwa ajili ya migodi. Nyaya zinapita juu ya vijiji vyenye kuwasha kibatari. Leo, mu Congo nzima, ni karibu mtu mmoja kwa watano tu mwenye kupata umeme. Na yule mwenye kuupata iko na delestaje: kwetu tunaweza kukaa siku tatu bila, na faktire inafika bila kuchelewa. Yule anayesema «acheni makala» bila kusema «shikeni umeme», anatuomba tule bukari mbichi.

Wanatuambia tena: «Nyinyi ni vijana mukosefu wa kazi, munatafuta fujo.» Kazi hatuna, ni kweli. Mimi ninaweza kuweka karatasi mu pampu, kuichuja, kusoma matokeo, kuandika raporo. Rafiki zangu wa kundi letu la kemia wanaweza pia. Mmoja anauza krediti za simu, mwingine anaendesha moto, mwingine alivuka mpaka na hatujui iko wapi. Mwaka wetu wa mwisho, mashine tuliyopaswa kutumia kwa kazi ya kufunga masomo ilikuwa imeharibika, tukaandika juu ya matokeo ya nchi zingine. Nchi inalipia watu kusoma kupima, kisha inakataa kupimwa. Fujo ni hiyo.

Sheria inasema nini

Hatuombi huruma. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu iko na haki ya mazingira yenye afya na iko na wajibu wa kuyalinda, na kwamba Serikali inachunga mazingira na afya ya watu. Kifungu cha 48 kinahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa na umeme. Kifungu cha 24 kinasema kila mtu iko na haki ya kupata habari. Na tangu tarehe 9 mwezi wa saba 2011 kuko sheria namba 11/009 juu ya kulinda mazingira. Kwa hiyo kijana anayedai kupimwa kwa hewa anafanya wajibu wake wa kikatiba. Anayemfukuza njo yuko inje ya sheria.

Tunadai mambo haya

1. Vituo vya kupimia hewa mu komine zote saba: Lubumbashi, Kenya, Kamalondo, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Si kimoja mbele ya ofisi.

2. Karatasi zikusanywe mwaka mzima, kiangazi na masika, na zisomwe ndani ya labo kwa ukamilifu: masizi, chumvi, madini, na misombo ya kaboni yenye kuyeyuka mu maji, pamoja na levoglukosani na oksaliki.

3. Namba zitangazwe kila asubuhi ku redio, kwa Kiswahili, kama vile wanatangaza bei ya dola. Siku mbaya, shule ziambiwe watoto wasikimbie inje.

4. Kila kiwanda chenye bomba la moshi kitangaze kile kinatoa, na watu wasio wake wakikague.

5. Kazi hiyo wapewe vijana waliosoma, kwa mashindano ya wazi, bila barua ya mjomba.

6. Kukamata ma mama wa makala bila karatasi kukome leo. Umeme wenye haukatiki, majiko yenye kula makala kidogo, na gari la takataka vitangulie. Kisha tutazungumza juu ya makatazo.

Na sisi wenyewe, tufanye nini?

Kungoja si tabia yetu. Kuanzia jumamosi hii, mpaka mvua ya kwanza, kila mmoja wetu aanike kitambaa cheupe chenye maji mbele ya nyumba yake, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Jioni akikamue mu kilauri, apige picha ya yale maji, aandike jina la komine na tarehe, na atutumie. Tuseme ukweli: hii si sayansi kamili. Kitambaa kinakamata zaidi vumbi kubwa, zile chembe ndogo zinapita. Lakini vilauri elfu moja vya maji machafu, vimepangwa ku meza moja mbele ya mlango wa wakubwa, kimya, bila jiwe, bila matusi, ni vigumu kuviambia «ni kiangazi tu».

Pia, usichome plastiki mbele ya nyumba. Mwambie jirani kwa heshima. Toa mbabula inje ao fungua madirisha. Kama uko na mtoto mwenye kifua kinapiga filimbi, usikubali kurudishwa nyumbani na neno moja. Omba wamsikilize kifua na waandike.

Mvua itakuja, mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, kama kila mwaka. Itaosha hewa, kila mtu atasema «munaona, imepita», na ile chai yote itashuka mu udongo na mu visima. Mwaka ujao mwezi wa sita itaanza tena. Mdogo wangu atakuwa na miaka minane. Ninataka siku hiyo, mama akimpeleka ku hospitali, kuwe namba ukutani ya kumwonyesha daktari, na kuwe mtu wa kujibu juu ya ile namba.

Hewa haina mwenye kuinunua, haina mwenye kuiuza. Ni mali ya kila mwananchi. Basi ipimwe, itangazwe, na wenye kuichafua wajulikane.

Tuko hapa. Hatutanyamaza. Anikeni vitambaa!

Kijana mmoja wenu, mwenye diploma ya kemia na asiye na kazi,
Lubumbashi